Taa kwa Urefu wa Goti

Goma, 4 Juni 1952

Kwa wazazi wangu wapenzi, Baba Malachie na Mama Salomé,

Pokeeni salamu nyingi kutoka kwangu, mtoto wenu aliye mbali. Mama, mgongo unaendeleaje? Baba, kile kikohozi je? Sisi huku ni wazima. Tunakula viazi na maharagwe, kisha maharagwe na viazi, na Umba anasema akirudi Kamina atasonga sufuria nzima ya bukari na kuimaliza bila mboga.

Safari ilichukua siku kumi na tisa. Gari la moshi mpaka Bukama, meli ya Lualaba mpaka Kabalo, gari la moshi tena, meli ya Tanganyika, lori la kuvunja mbavu, halafu meli ndogo ya ziwa Kivu. Tulipopita Luena, Umba alisimama dirishani mpaka milima ya makaa ikapotea. Sikumuuliza kitu. Baba yake amelala pale, ningemuuliza nini?

Kazi ni nzuri. Bwana Verlinden anapima milima ya moto. Yeye anasoma vipimo, mimi naandika kwenye daftari: joto la mawe, joto la hewa, saa na dakika. Umba anabeba sanduku la vyombo, na Bwana hamwamini mtu mwingine kulibeba. Mlima wenyewe unaitwa Nyiragongo. Mchana una kofia ya moshi. Jua likizama, ile kofia inageuka nyekundu, na watu wa hapa wanaendelea kumenya viazi kama hawaoni kitu. Tutapanda katikati ya Julai, mvua zikiwa chache.

Kiongozi wetu ni mtu wa Kibati. Anatuambia kuna mahali mlimani panaitwa mazuku, ambapo mtu anaingia alfajiri akiwa mzima na hatoki, wala hana jeraha. Ndege wenyewe wanaanguka. Nilicheka. Nilimwambia sisi tumesoma kwa Wamethodisti, mapepo ya milimani tuliyaacha kwa babu zetu. Hakukasirika.

Baba, sasa neno la ile asubuhi kituoni. Ulipomshika Umba mkono na kumwambia asiende, nilikujibu mbele ya watu: "Weye njo uliacha baba yake mu shimo ya Luena, na leo unamukataza mutoto kazi?" Maneno yale yalikuwa mabaya, najuta kuyasema. Lakini sitakudanganya. Naomba msamaha kwa kulisema hadharani, ila swali lenyewe ninalo bado, tangu nikiwa na miaka minane.

Nisalimieni Mama Tamar. Mwambieni mwanawe Umba ananenepa.

Ni mimi mtoto wenu,
Esdras


Kamina, 27 Juni 1952

Mwanangu Esdras,

Salamu za nyumbani. Barua yako imefika jana, nasi tumemshukuru Mungu. Mama yako anasema mgongo unauma vilevile, na kwamba wewe ulikaa mgongoni mwake miaka miwili, kwa hiyo usiulize kama mgeni. Kikohozi changu kipo, tumezoeana. Kazi yangu ni ileile: taa za kituo. Nafuta vioo, nakata tambi, natia mafuta. Wapita njia wanasema Malachie alichagua kazi ya taa kwa sababu anaogopa giza. Wewe unajua wanachokitaja.

Mama yako ndiye aliyenisomea barua, maana macho yangu yamechoka. Alipofika kwenye lile neno la kituoni aliruka mstari. Nilimwona. Nikaomba miwani, nikasoma mwenyewe. Lakini silo lililoniondolea usingizi. Lililoniondolea usingizi ni mazuku.

Mwanangu, yule mtu wa Kibati usimcheke tena. Kitu anachokitaja nakijua. Nilikiona Luena.

Mwaka 1936, mimi na Kabamba tulikuwa tunafunga njia ya zamani ya mgodi, njia iliyoteremka chini na haikuchimbwa tena. Tulipomaliza, Kabamba akakumbuka kwamba nyundo yake imebaki chini. Akateremka. Sikumsikia akirudi. Nikachukua taa, nikamfuata. Hatua ya kwanza, ya pili, moto ulikuwa sawa. Hatua ya nne moto ukapungua, ukawa buluu, ukafa. Hapakuwa na upepo. Nikawasha tena, nikamwona amelala kama hatua kumi mbele yangu, uso chini. Moto ukafa tena. Nikaenda hatua mbili gizani na magoti yangu yakalegea kama ya mtu mwingine. Nikarudi nikitambaa. Nilipopata watu na kamba, alikuwa ameshakufa.

Hewa ile haina harufu wala rangi. Ni nzito. Inakaa chini kama maji yanavyokaa kwenye shimo, na asubuhi upepo ukiwa umelala inajaa. Wachimbaji wa zamani walitufundisha kubeba taa kwa urefu wa goti, maana mtu anayebeba taa juu anaona njia lakini haoni kifo.

Kwenye matanga watu waliniuliza mbona sikumtoa. Nilikuwa na miaka thelathini, nilikuwa nalia, nikasema: taa ilizimika. Basi. Sikuongeza neno. Wakaelewa kwamba niliogopa giza. Mjane wake, Mama Tamar, akaelewa hivyo pia, kisha akaelewa vibaya zaidi. Kila Krismasi mama yako anampelekea kuku na bukari kwenye sahani ya buluu, na kila mwaka sahani inarudi imejaa, na kitambaa chake juu. Kwetu mtu akikataa chakula cha nyumba yako amekuita mchawi bila kufungua kinywa. Miaka kumi na sita sasa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema adhabu ya mkuu aliyenyamaza ni ipi.

Nakutumia taa. Nimeitengeneza kwa mabati ya maziwa na kioo cha taa ya kituo iliyovunjika. Waya wake ni mrefu makusudi: ukinyoosha mkono chini, taa inafika gotini. Nimempa mshika breki wa gari la Bukama, yeye atampa mtu wa meli, na yule atampa mwingine. Wote wameapa. Shika haya: usilale bondeni. Moto ukipungua, panda juu. Mtu akianguka, usimfuate mbio, hata awe nani. Funga kamba kiunoni, watu waishike kutoka juu, vuta pumzi moja na uifunge. Wahesabu hadi ishirini, halafu wakuvute hata kama hujaomba.

Umba ni mtoto wa Kabamba. Ndiyo sababu nilimshika mkono.

Baba yako,
Ngoyi Malachie


Goma, 16 Julai 1952

Baba yangu,

Nakusalimu, pia Mama. Naandika kwa haraka kwa sababu tunaondoka kesho.

Taa imefika leo asubuhi. Mtu wa meli aliileta akiwa ameifunga ndani ya shati lake, kioo hakina hata ufa. Barua nimeisoma mara tatu. Sitaki kuijibu vibaya, kwa hiyo leo sijibu.

Bwana Verlinden ameiona taa akacheka, akanionyesha tochi zake tatu za umeme. Nimeibeba hata hivyo.

Umba sijamsomea barua. Ananing'ang'ania nimwambie umeandika nini, nimemwambia ni mambo ya mgongo wa Mama. Nitamwambia tukishuka. Mtu hapewi habari kama hiyo akiwa na sanduku kichwani.

Tuombeeni.

Mtoto wenu,
Esdras


Kamina, 11 Agosti 1952

Mwanangu Esdras,

Salamu. Sisi ni wazima wa mwili.

Mshika breki amerudi kutoka Bukama na maneno ya watu wa meli: kwamba huko kwenu mlima umechukua mfanyakazi mmoja wa mzungu anayepima. Hawajui jina. Hawajui kama ni karani au mbebaji. Nimeuliza kila gari la moshi linalofika.

Jana Mama Tamar alikuja mpaka kibanda changu cha taa. Tangu matanga ya mume wake hajawahi kunisemesha. Alisimama mlangoni akasema: "Malachie, mutoto yangu iko wapi?" Nikamwambia sijui. Nikampa kiti, akakikataa. Alikaa amesimama mpaka gari la saa kumi likapita, kisha akaenda.

Mama yako hapiki. Anakaa na lile shati lako la shule.

Kama uko hai, andika hata neno moja. Kama ni Umba, andika pia. Usininyamazie kama mimi nilivyowanyamazia watu. Huo ugonjwa usiurithi.

Baba yako,
Malachie


Goma, 15 Agosti 1952

Kwa Baba yangu mpenzi, na Mama,

Nawasalimu kwa furaha na kwa aibu. Niko hai. Umba yuko hai. Yuko hapa kando yangu kwenye kitanda cha hospitali, anakula ndizi na kunikosoa ninavyoandika. Sikutaka kuwaandikia kabla hajasimama kwa miguu yake, kwa sababu niliogopa kuandika kitu ambacho kesho yake kingekuwa uongo. Jana alitembea mpaka mlangoni. Naona sasa kwamba nilikosea, huenda mmeteseka bure. Nisameheni.

Sasa nieleze kwa utaratibu.

Mlima ule, Baba, sio wa kupandwa na watu wa tambarare kama sisi. Mwanzo ni msitu na matope, na majani yanayowasha kama pilipili. Halafu mawe meusi yaliyokuwa moto zamani, yenye makali. Viatu vyangu vya Krismasi vilikwisha siku ya kwanza. Halafu baridi. Miti inakuwa midogo na yenye ndevu, na pumzi inakuwa fupi kama ya mzee. Sehemu ya mwisho ni changarawe tupu, unapanda hatua mbili unateleza moja. Umba aliacha utani. Nilipoona Umba ameacha utani nilijua tumefika mahali pabaya. Kichwa kiliniuma, nikakaa chini nikasema siendelei. Akalitua sanduku, akanishika kola kama mwizi, akaniinua. Akasema: "Simama, karani. Nani ataandika kama tumefika?"

Tukafika. Kule juu ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa kuna ziwa la moto linalojigeuza. Linanguruma kama gari la mizigo linalopita Kamina bila kusimama. Uso uliungua na mgongo uliganda kwa wakati mmoja. Niliandika vipimo, na Bwana Verlinden, ambaye huwa hasifu mtu, alisoma daftari akasema vizuri. Umba alitazama ziwa muda mrefu, kisha akaniambia anataka mama yake aone. Nilijisikia mkubwa siku ile. Mimi, mtoto wa mtu wa taa.

Tukashuka kwa mvua na ukungu. Jioni ya siku ya pili tulikuwa tumechoka hatuoni mbele, na upepo unakata. Bwana akaona bonde dogo, sakafu yake sawasawa kama ua, bila upepo hata kidogo. Akasema tulale pale. Umba alikuwa wa kwanza kuteremka, akalitua sanduku katikati, akarudi kuchukua mahema. Kiongozi wa Kibati akabaki juu akasema: "Hapa hatulale. Hapa iko mazuku." Bwana akakasirika.

Mimi nikawasha taa yako. Nikanyoosha mkono, nikateremka. Pembeni moto ulikuwa sawa. Chini zaidi ukapungua. Ukawa buluu, Baba, kama ulivyoandika. Nikapanda juu, nikamwita Bwana aje kuona. Alikuja, akaishika taa mwenyewe, akateremka hatua chache, akarudi. Kisha akaamuru mahema yapelekwe juu kwenye upepo. Tulilala kwa taabu, meno yakigongana. Sanduku lilibaki chini. Bwana aliwaambia watu wote lisiguswe mpaka jua lipande, lakini alisema Kifaransa, na Umba alikuwa ameshalala. Mimi nilisikia. Nilikuwa na barua yako mfukoni, na sikumwamsha.

Alfajiri niliamshwa na kelele. Umba alikuwa ameamka kabla ya wote, akaenda kuchukua sanduku lake. Alikuwa amelala kando yake, uso chini, kama hatua kumi na tano kutoka ukingoni.

Nilikimbia. Ukweli ni huo, nilikimbia na nilikuwa tayari kurukia ndani. Kisha nikajikuta nimesimama. Sikusimama kwa akili, nilisimama kwa sababu ya hatua zako nne. Nikapiga kelele kuomba kamba. Kamba ilikuwa chini ya mizigo, ikachukua muda, na wabebaji wakanitazama. Mmoja akasema: "Ndugu yake iko anakufa, yeye iko anangojea kamba." Baba, walinitazama kama watu wa Luena walivyokutazama wewe. Nilimeza mtazamo ule kwa muda mfupi tu na karibu uniue. Wewe umeumeza miaka kumi na sita, na mwanao akiwa miongoni mwa wanaotazama.

Nikafunga kamba. Kiongozi akaishika na wengine wawili. Mara ya kwanza nilimfikia, nikamshika mguu, pumzi ikaniishia, wakanivuta mikono mitupu. Mara ya pili nilimfunga kamba nyingine chini ya makwapa, vibaya, kwa fundo la mbuzi, wakatuvuta wote wawili juu ya mawe. Ndiyo maana mikono yangu imefungwa vitambaa na herufi zangu zinatembea kama kuku. Tulimweka kwenye upepo. Hakupumua. Kisha akapumua.

Barua yako nimemsomea hapa hospitalini, yote, hata sehemu ya baba yake. Kesho yake mchana akaniomba niandike haya, ni maneno yake mwenyewe: "Mama, baba yangu hakuachwa. Hata mimi ningemuacha. Miye niliingia mule, na sikusikia kitu, ni kama mutu anazima taa. Usimukatalie tena Baba Malachie."

Baba, swali langu limekwisha. Sina tena. Naomba msamaha, safari hii si kwa kulisema hadharani, bali kwa kuwa nalo.

Bwana ametupa ruhusa ya Krismasi. Taa tutairudisha.

Ni mimi mwanao,
Esdras


Kamina, 15 Septemba 1952

Mwanangu Esdras, na mwanangu Umba,

Nawasalimu nyote wawili pamoja, maana barua hii ni yenu wawili. Mama yenu amerudi jikoni, na mgongo ameusahau mpaka nilipomkumbusha, akanikasirikia.

Barua ilifika Ijumaa. Niliisomea kibandani nikiwa peke yangu, na taa tatu za kijani zilichelewa kuwashwa siku hiyo, jambo ambalo halijatokea tangu niajiriwe. Nikaenda nyumbani kwa mama yenu. Hakusubiri mwisho wa barua, alisema, peleka kwa Tamar sasa hivi, usinawe hata miguu.

Mnajua yule mama anapika masanga ya mahindi, na sisi watu wa kanisa tusiokunywa pombe tukipita pale tunatazama mawingu. Nimepita nikitazama mawingu miaka mingi, na kwa sababu mbili. Ijumaa niliingia kwa mlango wa mbele. Nikamwambia kwanza kwamba Umba yu hai, akaketi chini kwenye vumbi. Kisha nikamsomea yote. Nilipofika mahali ambapo moto unapungua na hakuna upepo, akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniambia tena rudia.

Akainuka, akaenda kwenye kona penye mtungi mkubwa, masanga ya siku ya tatu, yamefika nusu yake. Akafunua kidogo, akawasha ubua, akauteremsha ndani. Moto ukafa kabla haujagusa kitu. Akawasha mwingine, akanipa mimi niuteremshe. Ukafa. Tulikuwa tumeinama wote wawili, vichwa juu ya mtungi. Akasema: "Hii naijua. Mama yangu njo alinifundisha. Moto ikikufa mu mutungi, masanga ingali inachacha. Kila juma naonaka hii." Akanitazama. "Malachie, mbona haukusema ilikuwa kama mu mutungi?"

Nikamwambia sikujua habari za mitungi, mimi ni Mmethodisti.

Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Luena, nilikuwa nimesahau kwamba ni kikubwa hivyo. Kisha kikageuka kuwa kilio, akalia mpaka majirani wakaja ukingoni mwa ua, na miongoni mwao alikuwa mke wa katekista, ambaye alinikuta kichwa changu kikiwa juu ya mtungi wa masanga. Kanisa zima limeshapata habari. Nimeitwa kujieleza Jumatano.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama Kabamba alisikia uchungu. Nikamwambia Umba amemjibu tayari: ni kama mtu anazima taa. Akatikisa kichwa, akasema polepole kwa Kiluba, wafwako. Sijui alikuwa ananishukuru mimi, au Umba, au mume wake.

Umba, miguu yako ipone kabisa kabla ya kupanda meli. Usiwe na haraka, mama yako anakungoja na amenona kwa furaha. Esdras, sina cha kukusamehe. Nilikupa swali nikakuficha jibu, sasa tumelipana. Ila lile fundo la mbuzi, ukija nitakufundisha la maana.

Mama yenu alisema hawezi kungoja Krismasi. Jana baada ya ibada alichinja kuku mwekundu, akapika bukari, akaweka kwenye sahani ya buluu, akaifunika kwa kitambaa kilekile, akaipeleka mwenyewe. Hatukulala vizuri. Tulikuwa tunasikiliza mlango kama watu wanaongoja mgonjwa.

Leo asubuhi Mama Tamar aliirudisha kwa mkono wake. Mama yenu aliipokea, akainua kitambaa, akaniita nije nione. Sahani ilikuwa tupu, na imeoshwa.

Baba yenu,
Malachie